Mbinu tano za bekapu na folda moja tupu: kisa cha GitLab, Januari 2017

Usiku wa 31 Januari 2017, saa tano na nusu kwa saa za UTC (Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa imeshafika saa nane na nusu), mhandisi mmoja wa GitLab, tovuti ya kutunza msimbo wa programu, aliandika amri ya kufuta folda ya data ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Alidhani yuko kwenye db2, seva ya akiba ambayo wakati huo haikuwa na data ya maana. Kumbe alikuwa kwenye db1, seva kuu. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili akaikatiza amri, lakini katika takriban GB 300 zilizokuwamo zilibaki GB 4.5 tu.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha `rm -rf`, amri ya kufuta kila kitu bila kuuliza, na watu hucheka, wanatikisa kichwa, wanaendelea na kazi zao. Mimi sehemu hiyo hainishughulishi sana. Mtu kuchanganya madirisha mawili ya terminali usiku wa manane ni jambo litakalotokea tena kesho, kwenye kampuni nyingine. Linalonishughulisha ni lile lililogundulika dakika chache baadaye, walipokwenda kutafuta bekapu: hazikuwepo, na hakuna aliyekuwa akijua kwamba hazipo. Matoleo mapya ya programu yalikuwa yakiendelea kwenda hewani kama kawaida huku nyuma bekapu imeshakufa. Njia mbili zilizopaswa kwenda pamoja, ya msimbo na ya data, zilikuwa hazijuani.

Usiku wenyewe

Saa 17:20 UTC, yaani saa sita hivi kabla ya ajali, mhandisi alichukua picha ya diski ya hifadhidata (nakala ya hali yake ya wakati huo) kwa LVM, zana ya Linux ya kusimamia diski, na kuipakia kwenye mazingira ya majaribio. Alikuwa anajaribu pgpool-II, programu ya kugawa mzigo wa maulizo kati ya seva za PostgreSQL, na alitaka data inayofanana na ya mfumo hai. Kwa kawaida picha hiyo ilichukuliwa mara moja kila saa 24. Hii aliichukua kwa mkono, kwa ajili ya shughuli zake. Tukumbuke saa hiyo, maana ndiyo iliyoamua hasara.

Ilipofika saa 19:00 mzigo kwenye hifadhidata ulipanda. Walishuku watumaji wa taka. Baadaye ilibainika kwamba sehemu ya mzigo ilitokana na kazi ya nyuma ya pazia iliyokuwa inafuta akaunti ya mfanyakazi wa GitLab yenyewe, ambaye mtu mkorofi alikuwa amemripoti kuwa ni mtumiaji mbaya. Kufikia saa 23:00 seva ya akiba ilikuwa imeachwa nyuma kiasi cha kushindwa kufuata. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye faili zinazoitwa WAL, na seva ya akiba huzisoma hizo ili ifanane na seva kuu. Safari hii seva kuu ilikuwa imeshazifuta faili hizo kabla mwenzake hajazichukua, na hazikuwa zikitunzwa mahali pengine popote. Dawa ikawa kuisafisha db2 na kuijaza upya kwa `pg_basebackup`, zana ya PostgreSQL ya kunakili seva nzima.

Hapo ndipo usiku ulipokuwa mgumu. `pg_basebackup` iligoma kwa sababu `max_wal_senders` (kikomo cha miunganisho ya kutuma WAL) ilikuwa ndogo, wakaipandisha kutoka 3 hadi 32. PostgreSQL ikagoma kuwaka upya ikilalamikia semafo, rasilimali ya mfumo wa uendeshaji, kwa kuwa `max_connections` (kikomo cha miunganisho yote) ilikuwa imewekwa 8000. Wakaishusha hadi 2000, ikawaka. Kisha `pg_basebackup` ikakaa kimya bila kusema neno. Kumbe ilikuwa inasubiri tu seva kuu ianze kutuma data. Ndivyo inavyofanya kazi, lakini mwongozo wa ndani wa timu haukulitaja hilo. Mhandisi, ambaye mapema alikuwa ameshaaga kwamba usiku umeingia na anataka kufunga kazi, akaamua kwamba folda ya data ya db2 ina mabaki yanayoizuia. Akaenda kuifuta.

Bekapu zilikuwa wapi

GitLab waliweka kumbukumbu za tukio hadharani wakati moto bado unawaka, na ndani yake waliandika wazi kwamba katika mbinu 5 za bekapu na urudufishaji walizokuwa nazo, hakuna hata moja iliyofanya kazi kwa uhakika au iliyokuwa imewekwa ipasavyo. Ni sentensi nzito kuandikwa na kampuni kuhusu nyumba yake yenyewe. Tuzipitie, na tukae zaidi kwenye ile ya kwanza.

Kila saa 24, kazi ya cron, kipanga-ratiba cha Linux, iliendesha `pg_dump`, zana ya kutoa nakala ya hifadhidata, na kupandisha matokeo kwenye Amazon S3, hifadhi ya mafaili ya mtandaoni. Walipofungua hifadhi ya S3 waliikuta tupu. Sababu yake inastahili kusomwa polepole. Hifadhidata ilikuwa ya PostgreSQL 9.6, lakini `pg_dump` iliyoendeshwa ilikuwa ya 9.2, na `pg_dump` hukataa kunakili seva ya toleo kuu jipya kuliko lake: hutoa kosa na kuondoka. Kwa nini 9.2? Kifurushi cha GitLab kilichagua toleo kwa kusoma faili la `PG_VERSION` ndani ya folda ya data. Kazi ya bekapu iliendeshwa kwenye seva ya programu, si ya hifadhidata. Kule hakuna folda ya data, kwa hiyo hakuna `PG_VERSION`, kwa hiyo kifurushi kikaangukia toleo la kawaida, 9.2.

Mpaka hapo ni hitilafu ya kawaida. Cron ilifanya wajibu wake: ilituma barua pepe kusema kazi imeshindwa. Lakini barua hizo hazikutimiza masharti ya DMARC, ulinzi unaozuia barua za kughushi jina la mtumaji, kwa hiyo seva ya barua ilizikataa. Bekapu ikashindwa, taarifa ya kushindwa nayo ikashindwa, na ukimya uliobaki ukasomeka kama ishara kwamba mambo ni shwari.

Nyingine ni za kupita haraka. Picha za diski za Azure, wingu la Microsoft walilokuwa wakilitumia, ziliwashwa kwa seva za faili, si kwa seva za hifadhidata, kwa kuamini kwamba mbinu nyingine zinatosha. Urudufishaji kwenda db2 haukusaidia kwa sababu db2 yenyewe ndiyo iliyokuwa imesafishwa, na hata ingekuwa nzima, seva ya akiba hunakili makosa kwa uaminifu uleule inaonakili data nzuri. Ilibaki picha ya LVM ya saa 17:20, ile iliyochukuliwa kwa ajili ya pgpool-II. Haikukusudiwa kuwa bekapu ya mtu yeyote.

Kuirudisha kulichukua karibu saa 18, kwa kuwa diski za mazingira ya majaribio zilikuwa za daraja la chini na data ilitiririka kwa takriban megabiti 60 kwa sekunde. Tena mazingira hayo yalikuwa na utaratibu mzuri wa kufuta webhuku zote (maagizo ya kutuma taarifa kwa mifumo ya nje kila jambo likitokea) baada ya kupakia data, ili seva ya majaribio isianze kupigia simu mifumo ya wateja. Siku hiyo uzuri huo uligeuka tatizo: nakala pekee iliyopona haikuwa na webhuku. Ilibidi watengeneze mazingira mengine kutoka kwenye picha ileile, safari hii bila hatua ya kufuta, ndipo wazitoe. Hifadhidata ilirudi saa 17:00 UTC tarehe 1 Februari bila webhuku, na webhuku zikafuata kama saa moja baadaye.

Kuna jambo dogo walilolifanya ambalo huwa nawaonyesha watu wanaodhani kurudisha data ni kubonyeza kitufe. Kabla ya kufungua milango, waliongeza 100,000 kwenye kila mfuatano wa namba za utambulisho wa hifadhidata. Kwa nini? Katika zile saa sita zilizopotea, watu walikuwa wameshafungua tiketi na miradi, na namba zake zilikuwa zimeshasambaa kwenye barua pepe, viungo na mifumo mingine. Mfumo ungeanza kutoa namba zilezile upya, kiungo cha zamani cha mtu mmoja kingefungua kitu kipya cha mtu mwingine. Hilo huwezi kulifikiria kwa mara ya kwanza saa tisa usiku. Hufikiriwa na timu iliyowahi kukaa chini ikajiuliza nini hutokea baada ya kurudisha.

Hasara ya mwisho: yaliyoandikwa kwenye hifadhidata kati ya 17:20 na usiku wa manane, kwa makadirio yao miradi 5,000 hivi, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Hazina za Git zenyewe na wiki hazikuguswa, kwa kuwa hukaa kwenye seva za faili.

Uchambuzi wao uliuliza pia kwa nini utaratibu wa bekapu haukuwa ukijaribiwa mara kwa mara. Jibu: haukuwa na mwenyewe. Hakuna aliyepewa jukumu hilo.

Mwenye bekapu ni nani

Jibu rahisi ni kumteua mtu. Sina imani nalo sana. Mtu huenda likizo, hubadilishwa kitengo, huacha kazi, na bekapu ni kazi isiyo na sifa: ikienda vizuri hakuna anayeiona. Napendelea kuifungamanisha na kitu ambacho kila mtu anakitaka kila siku, yaani toleo lake lifike hewani. Paipulaini inayojenga programu, kuipima na kuipeleka kwenye seva tayari ina watazamaji. Ikiwa nyekundu asubuhi, saa nne haijafika kuna mtu analalamika. Hatua ya bekapu ikikaa ndani yake, kabla ya hatua inayobadilisha muundo wa hifadhidata, kushindwa kwake hakuhitaji barua pepe wala DMARC.

Ikiwekwa kwa uzembe, hata hivyo, inarudia kisa kilekile. Kazi za paipulaini huendeshwa ndani ya kontena, mazingira madogo yaliyofungwa, lenye picha yake (kifurushi cha programu zilizomo, si picha ya diski), na picha hiyo ina `pg_dump` ya toleo lake. Timu ikipandisha hifadhidata kwenda toleo kuu jipya na kuisahau picha ya kontena, imerudi kwenye 9.2 dhidi ya 9.6. Na wengi huandika hatua hiyo hivi: `pg_dump ... | gzip > nakala.sql.gz`. Sheli huchukulia matokeo ya amri ya mwisho kuwa ndiyo matokeo ya mstari mzima. `pg_dump` ikianguka, `gzip` hubana utupu kwa furaha, inaacha faili la baiti 20, na paipulaini inawaka kijani. Ukitaka kuona, fanya hivyo kwenye kompyuta yako sasa hivi.

Mfano wa hatua inayoweza kuaminiwa, kwa duka la mtandaoni lenye jedwali la oda:

```
set -euo pipefail
pg_dump --version
pg_dump -Fc -f nakala.dump "$DB_URL"
createdb jaribio
pg_restore --exit-on-error --no-owner --no-privileges \
  -d jaribio nakala.dump
psql -d jaribio -tAc \
  "select now() - max(created_at) from oda"
```

Mstari wa kwanza unazuia ule uongo wa `gzip` na ndugu zake. Mistari ya kati inarudisha nakala kwenye seva ya muda inayozaliwa na kufa pamoja na kazi hiyo. Baadhi ya watu huridhika na `pg_restore --list`, ambayo husoma tu orodha ya yaliyomo. Katika muundo huu orodha hukaa mwanzoni mwa faili, kwa hiyo nakala iliyokatika katikati bado inaweza kutoa orodha nzuri kabisa. Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda zaidi. Unauliza oda ya mwisho ndani ya nakala ina umri gani. Kwa duka linalouza mchana kutwa, jibu likiwa dakika chache, sawa. Likiwa siku tatu, kuna mtu ameielekeza `DB_URL`, anwani ya hifadhidata, kwenye seva isiyofaa. Skripti halisi ilinganishe jibu hilo na kikomo kilichowekwa na kuisimamisha paipulaini likizidi.

Ugumu unaanza hifadhidata inapokua. Hakuna atakayekubali kusubiri `pg_dump` ya GB 300 kwa kila toleo, hasa timu inayopeleka matoleo kadhaa kwa siku. Wataiondoa hatua hiyo ndani ya wiki moja, na watakuwa na haki. Kwa ukubwa huo njia ni nyingine: WAL zitunzwe mfululizo nje ya seva, nakala kamili ichukuliwe kwa ratiba yake, na paipulaini kabla ya kugusa muundo wa hifadhidata iite tu `pg_create_restore_point` ikitaja namba ya toleo. Hilo huchukua muda mfupi sana, kwa kuwa linaandika alama ndani ya WAL. Baadaye unaweza kuiambia PostgreSQL irudi mpaka alama hiyo kwa `recovery_target_name`. Jaribio la kurudisha nalo linahamia kwenye paipulaini ya ratiba, mara moja kwa siku, na ile ya matoleo inaangalia tu kama jaribio la mwisho lilifaulu na ni la lini. Likiwa limepitwa na siku mbili, toleo halitoki.

Halafu kuna swali la dharura: bekapu imekwama na kuna kasoro ya usalama inayotakiwa kuzibwa sasa. Lazima uwepo mlango wa kupita, ila uwe wa safari moja, wenye jina la aliyeufungua. Kifurushi cha GitLab chenyewe hunakili hifadhidata kabla ya kujisasisha, na msimamizi anaweza kuirukisha hatua hiyo kwa kuunda faili tupu, `/etc/gitlab/skip-auto-backup`. Ni rahisi, lakini faili hilo hubaki hapo mpaka mtu alifute. Umeliweka leo kwa sababu diski imejaa. Mwakani bado lipo, na wewe huenda hata haupo tena kwenye timu. Mlango wa aina hiyo nisingeuweka kwenye paipulaini yangu. Afadhali kigezo kinachotajwa wakati wa kuendesha kazi hiyo moja na kuisha nayo.

Isidhaniwe pia kwamba nakala ya kabla ya toleo ni ruhusa ya kurudi nyuma wakati wowote. Toleo likitoka saa nne asubuhi na kasoro ikaonekana saa tisa alasiri, kurudisha nakala kunafuta kila oda iliyoingia katikati. Hapo umejitengenezea ajali ya GitLab kwa hiari yako. Kwa hiyo safu ya jedwali isiyotakiwa tena isifutwe katika toleo lilelile linaloacha kuitumia. Ifutwe toleo moja au mawili baadaye, ili msimbo uweze kurudi nyuma bila data kuguswa. Nakala iachiwe yale yasiyo na njia nyingine.

Na kwa waliopo Kenya na Tanzania: kurudisha nakala ya data hai ndani ya mashine ya paipulaini ni kuhamisha taarifa za wateja kwenda mahali ambapo pengine kila msanidi anaweza kuingia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 za ulinzi wa taarifa binafsi hazisemi kwamba nakala ya jaribio haihesabiki. Seva ya muda iwe kwenye mtandao uliofungwa, kazi isihifadhi `nakala.dump` kama zao la paipulaini linaloweza kupakuliwa, na akaunti inayopandisha nakala iwe na ruhusa ya kuandika bila ruhusa ya kufuta. Hilo la mwisho linasaidia pia siku ufunguo wa paipulaini ukiibwa.

Walichojenga baadaye

GitLab walianza na vitu vidogo: rangi tofauti kwenye terminali kuonyesha seva hai na ya majaribio, picha za LVM kila saa badala ya kila siku, na vipimo vinavyoonyesha hadharani hali ya bekapu. Kisha wakaweka utunzaji wa WAL nje ya seva, na majaribio ya kurudisha yanayojiendesha yenyewe kwa ratiba, ndani ya paipulaini za GitLab ileile. Mwaka 2019 waliandika kuhusu seva ya ziada waliyoichelewesha makusudi saa 8 nyuma ya seva kuu. Mtumiaji mmoja alipofuta lebo kwa bahati mbaya, pamoja na uhusiano wake na vitu ilivyobandikwa, waliisimamisha seva hiyo kabla haijafika kwenye dakika ya kufuta, wakaisogeza mpaka ukingoni mwa tukio, wakatoa data. Ilichukua kama saa moja na nusu.

Saa 8 nazo zina kikomo chake. Kosa likigundulika saa ya tisa, seva hiyo inakuwa imeshalinakili, na timu inabaki na nakala kamili pamoja na WAL, kazi ndefu zaidi. Na `gitlab-backup`, amri ambayo wengi wanaojiwekea GitLab kwenye seva zao huitegemea, mpaka leo haichukui faili la `gitlab-secrets.json`, kwa makusudi, ili data na funguo zake zisikae kapu moja. Asiyelinakili faili hilo kivyake atarudisha hifadhidata nzima, halafu agundue kwamba vigezo vya siri vya paipulaini zake zote havisomeki.